Orodha ya timu ni ushahidi: Mzazi, usimwombe mwalimu aseme uongo



Ukimtajia Mtanzania jina la Samunge, haraka atakumbuka mwaka 2011, pale maelfu ya watu kutoka kila pembe ya nchi na hata nje ya nchi walipopanga foleni ya magari katika kijiji hiki cha wilaya ya Ngorongoro, wakitafuta kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Mzee yule alifariki mwaka 2021 na foleni zile zimebaki simulizi. Leo sikusudii kuandika juu ya kikombe. Nakusudia kuandika juu ya karatasi moja yenye majina 18, iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule moja ya sekondari. Karatasi ile niliiandika kwa mkono wangu, na jina moja katika majina yale halikustahiki kuwepo.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Lakini katika shule zetu za pembezoni mwalimu hana kazi moja. Anayefundisha dini ndiye huyo huyo mlezi wa bweni, na akionekana tu ana filimbi mfukoni, basi anakuwa mwalimu wa michezo. Ndivyo nilivyojikuta, miaka kadhaa iliyopita, nikiandaa timu ya mpira wa miguu kwa ajili ya mashindano ya UMISSETA ngazi ya wilaya, ambayo kwetu maana yake ni safari ya kwenda Wasso.

Siku mbili kabla ya kubandika majina, alinijia mzazi mmoja. Ni mtu wa heshima, mfanyabiashara, mwenye duka na gari aina ya Fuso. Baada ya salamu na kuulizana hali za nyumbani akaniambia: "Mwalimu, sina neno kubwa. Kijana wangu ana hamu sana ya kwenda Wasso na wenzake. Na usafiri wa timu, hilo niachie mimi." Nikamjibu: "Nitaangalia, mzee."

Hakutaja sharti. Wala hakuwa na haja ya kulitaja. Mwaka uliotangulia hatukwenda popote kwa kukosa nauli, na yeye alijua kuwa mimi najua. Usiku ule nilipiga hesabu ambayo wasimamizi wengi huipiga. Nikasema, nikimwingiza kijana mmoja, vijana 17 wengine wanapata safari. Nikikataa, wote 18 wanabaki nyumbani. Maslahi ya wengi yanatangulia maslahi ya mmoja. Hata kanuni za fiqhi nilizosoma chuoni nikaziita zije kunisaidia. Kisha nikafuta jina la kijana wa kidato cha pili, winga wa kushoto, aliyekuwa akija mazoezini mbio na miguu ingali na matope ya shamba, kwa kuwa alikuwa akimsaidia mama yake kumwagilia zamu yao ya mfereji inapofika.

Kwa nini nilimfuta yeye na si mwingine? Hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakuwa dhaifu kuliko wote. Nilimfuta kwa sababu nilijua kuwa nyumbani kwake hakuna mtu atakayekuja kuniuliza.

Tulikwenda Wasso, na mechi ile tukashinda mabao mawili kwa moja. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kuwa dhulma hujulikana kwa matokeo, kwamba ukipendelea utafungwa, na usipofungwa basi hukukosea. Sisi tulishinda. Yule kijana aliyeingizwa alicheza kipindi cha pili. Baba yake alisimama kandoni mwa uwanja, akipaza sauti kila mpira ulipomfikia: piga, rudi, nenda! Na kijana, kila baada ya kugusa mpira, alitazama alipo baba yake kabla ya kuwatazama wenzake. Usiku tuliporudi, juu ya gari la baba yake mwenyewe, alisogea karibu yangu akaninong'oneza: "Mwalimu, mechi ijayo usinipange. Wenzangu wanajua."

Yule wa kidato cha pili nilikutana naye Jumatatu. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Basi. Hakulalamika wala hakununa. Lakini mazoezini hakuonekana tena.

Hoja tatu za kujitetea

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimejiuliza: kosa langu hasa lilikuwa nini? Maana hoja za kujitetea zipo, na si za kitoto. Nazisikia pia kwa wazazi na kwa walimu wenzangu, wa shule za serikali, za dini na za watu binafsi. Tuzitazame moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza husema kuwa mzazi kumpigania mwanawe ni maumbile. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Ni kweli, na Uislamu haukuja kuua maumbile. Lakini Mwenyezi Mungu (s.w.) ametuhadharisha katika Surat At-Taghabun (64:15) kuwa mali zetu na watoto wetu ni mtihani. Mtihani hauwi katika kitu tunachokichukia. Mtihani huwa katika kile tunachokipenda kiasi cha kutotazama tunamkanyaga nani tukikikimbilia.

Katika vitabu vya sira na historia limepokewa tukio la vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, ambalo laiti ningelikumbuka usiku ule. Vijana wadogo walijitokeza kutaka kutoka na jeshi. Mtume (s.a.w.) aliwapitia na kuwarudisha wale ambao umri wao haujatimia. Miongoni mwa waliorudishwa ni Abdullah bin Umar, naye alikuwa na miaka 14. Msomaji anajua baba wa kijana huyu ni nani. Ni Umar bin al-Khattab, mmoja wa watu wa karibu kabisa na Mtume. Ukaribu wa baba haukumwongezea mtoto hata mwezi mmoja. Alisubiri mpaka vita vya Khandaq, alipokuwa na miaka 15, ndipo akaruhusiwa. Habari hii ya Ibn Umar imo katika Sahihi Bukhari.

Siku ile ile ya Uhud, Rafi' bin Khadij aliruhusiwa kwa kuwa alielezwa kuwa ni mpiga mishale hodari. Samura bin Jundub, kijana yatima aliyelelewa na mama yake na baba wa kambo, akarudishwa. Samura akamlalamikia yule baba yake wa kambo: huyu karuhusiwa nami nimekataliwa, ilhali tukishikana mieleka namwangusha. Baba akalifikisha neno kwa Mtume. Sasa angalia alichofanya Mtume (s.a.w.). Hakumfukuza mzazi kwa kusema hayamhusu. Wala hakumkubalia mtoto kwa kuwa mzazi kasema. Aliwaamuru vijana wawili washikane mieleka mbele yake. Samura akamwangusha Rafi', naye akaruhusiwa.

Hapa pana somo zima la uteuzi wa timu. Mtoto wa mtu mkubwa amebaki nyumbani kwa kuwa hajatimiza sharti. Yatima ameingia kwa kuwa ameonyesha uwezo. Na mzazi amefundishwa mpaka wa haki yake, kwamba anayo haki ya kuomba mtoto wake ajaribiwe, na hana haki ya kuomba mtoto wake achaguliwe. Tofauti ya maombi haya mawili ni ndogo midomoni lakini ni kubwa mno katika mizani. Ombi la kwanza ni la uadilifu, na faida yake inamfikia kila mtoto. La pili haliwezi kutimizwa ila kwa kumwondoa mtoto wa mwenzako.

Zawadi inayomjua mpokeaji

Hoja ya pili ni ile ya gari. Husemwa kuwa mzazi mwenye uwezo anaisaidia shule nzima kwa kuleta mipira, jezi na usafiri, na serikali haina fedha za kutosha. Je, mtoto wake kupewa nafasi moja ni dhambi kubwa hivyo?

Jibu lake limo katika hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, mtu wa kabila la Azd aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka. Aliporudi alitenganisha mali, akasema hii ni yenu na hii mimi nimezawadiwa. Mtume akasimama juu ya mimbari akalikemea jambo hilo, na kipimo alichokitoa ni chepesi kukielewa. Aliuliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, akaona kama zawadi hizo zingemfuata. Nami nijiulize: ningekuwa mwalimu wa hesabu tu, nisiye na filimbi wala orodha, je, Fuso lile lingenifuata mlangoni?

Tusidhani maradhi haya ni ya umaskini wetu. Mwezi Machi 2019 waendesha mashtaka wa Marekani waliwafikisha mahakamani watu wapatao 50, wakiwemo wazazi matajiri na makocha wa vyuo vikuu vyenye majina kama Yale na Georgetown. Wazazi walilipa fedha nyingi ili watoto wao wapokelewe chuoni kwa kisingizio kuwa ni wanamichezo. Wapo waliopigwa picha wakiwa juu ya mashine ya mazoezi ya kupiga makasia, ilhali mchezo huo hawakuwa wakiucheza. Wazazi wale hawakukosa kitu. Watoto wao walikuwa na walimu wa ziada, vitabu na njia nyingi za kufika mbali. Walichokosa ni uvumilivu wa kumwona mtoto wao akipimwa kama watoto wengine.

Msaada wa mzazi kwa shule ni sadaka njema, na Allah awalipe wanaotoa. Lakini sadaka haina jina la mpokeaji wa nafasi. Mzazi akitoa gari, na alitoe kwa timu, iwe mwanawe yumo ndani ya gari au amebaki anawapungia mkono wenzake. Akishindwa hilo, ajue kuwa alikuwa ananunua.

Na ile hesabu yangu ya watu 17 kwa mmoja? Kasoro yake ni kuwa nililipa kwa mali isiyokuwa yangu. Kama ningeuza saa yangu au ningetoa mshahara wangu ili timu isafiri, hiyo ingekuwa sadaka. Nilichotoa ni haki ya mtoto ambaye sikumwuliza. Surat An-Nisaa (4:58) inatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Nafasi katika timu si mali ya mwalimu, si mali ya mkuu wa shule, wala si mali ya mfadhili. Ni amana, na mwenyewe ni yule anayeistahiki. Kipimo cha kustahiki nacho kipo. Katika Surat Al-Qasas (28:26) binti anamshauri baba yake juu ya kumwajiri Musa (a.s.), na sifa anazozitaja ni mbili tu, nguvu na uaminifu. Hakutaja ukoo wala uwezo wa kulipa.

Je, si mchezo tu?

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi: "Mwalimu, unalikuza jambo. Huu ni mchezo tu." Wanaosema hivi mara nyingi ndio hao hao wanaopandwa na mori kandoni mwa uwanja.

Mtume (s.a.w.) hakuuchukulia mchezo kuwa uwanja usio na haki. Amepokea Ibn Umar kuwa Mtume aliendesha mashindano ya farasi katika makundi mawili. Farasi waliokwisha kuandaliwa kwa mazoezi walikimbia kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, umbali unaotajwa kuwa maili 5 au 6. Wale wasioandaliwa walikimbia kutoka Thaniyyatul Wadaa hadi msikiti wa Bani Zurayq, kiasi cha maili 1. Mnyama tu alipangwa na anayelingana naye ili shindano liwe la haki. Iweje basi mtoto wa binadamu?

Ambaye anaona ni mchezo tu na akumbuke mwaka 2005. Vijana wetu wa Serengeti Boys walikuwa wamefuzu kwenda Gambia kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Taifa likaondolewa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri. Karatasi moja isiyosema kweli iliwarudisha nyumbani vijana wote, pamoja na wale waliosema kweli. Miaka 12 baadaye, mwaka 2017, upepo ukageuka. Tanzania ilipinga umri wa mchezaji wa Kongo Brazzaville, Kongo ikaondolewa, na Serengeti Boys wakaenda Gabon. Tuliishangilia haki ilipokuwa upande wetu. Tuipende pia inapokuwa dhidi yetu.

Kule Marekani mwaka 2001, timu ya watoto ya besiboli kutoka Bronx ilishika nafasi ya tatu katika mashindano makubwa ya watoto wa umri wa miaka 12. Nyota wake aliwashangaza watu wote. Baadaye ikabainika kuwa alikuwa na miaka 14 na cheti chake cha kuzaliwa kilighushiwa. Ushindi wote ukafutwa na baba yake akafungiwa maisha kujihusisha na mashindano hayo. Mtoto hakuwa ameghushi chochote, lakini jina lililotangazwa ulimwenguni ni lake.

Ufaransa yalitokea makubwa kuliko hayo. Baba mmoja, Christophe Fauviau, alikuwa na mtoto wa kiume na wa kike wanaocheza tenisi. Kati ya mwaka 2000 na 2003 alikuwa akitia dawa ya usingizi katika maji ya wapinzani wa watoto wake. Mmoja wao, kijana wa miaka 25, alisinzia akiendesha gari kurudi nyumbani baada ya mechi, akafa. Machi 2006 mahakama ilimhukumu baba huyo kifungo cha miaka 8. Simfananishi mzazi yeyote wa Ngorongoro na mtu huyu. Nasema tu kuwa njia ni ile ile, na yeye aliifuata mpaka mwisho. Mwanzo wake ni mzazi kuamini kuwa mtoto wake lazima ashinde, na kwamba mtoto wa mwingine ni kizuizi tu njiani.

Anayebebwa naye anadhulumiwa

Wapenzi wa mpira wana neno lao: timu au mchezaji fulani "anabebwa", na wengine huongeza "kwa mbeleko". Mbeleko ni kitu kizuri kwa mtoto mchanga. Lakini anayebebwa hawezi kujifunza kutembea, na kijana wa miaka 16 mgongoni mwa baba yake ni aibu kwa wote wawili. Yule kijana aliyeninong'oneza kwenye gari alikuwa amelielewa hilo kabla ya baba yake na kabla ya mwalimu wake. Tulimpa jezi tukamnyang'anya kitu ambacho kila kijana anakihitaji, nacho ni kujua kwa hakika kuwa alipo amefika kwa miguu yake.

Jirani zetu wa Karatu walimtoa Filbert Bayi, ambaye mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia. Aliongoza tangu mwanzo, na John Walker wa New Zealand akamfuata nyuma naye akiwa chini ya rekodi ya zamani. Saa haikuuliza huyu ni mtoto wa nani, wala haikujali kuwa mwenzake anakimbia nyumbani kwao. Huo ndio uzuri wa saa. Mwalimu mwenye orodha anatakiwa ajitahidi kufanana nayo.

Aidha, tuwafundishe watoto kushindwa. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia aitwaye Al-Adhbaa, asiyewahi kupitwa. Akaja bedui na ngamia wake kijana, akampita. Jambo hilo likawauma Waislamu. Mtume akawatuliza kwa kuwaeleza kuwa ni haki kwa Allah kutokiinua kitu chochote cha dunia ila hukishusha. Hakutaka mbio zirudiwe, hakumtilia shaka bedui. Mzazi anayetoka uwanjani akimtukana refa mbele ya mwanawe anafundisha somo jingine, na mtoto analishika vizuri kuliko masomo yangu ya darasani.

Kosa langu lilikuwa nini

Narudi kwenye swali langu. Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa upendeleo tu. Siku nilipokuwa nikifundisha hadithi ya Nu'man bin Bashir ndipo nilipoona zaidi. Baba yake Nu'man alimpa mwanawe huyu zawadi kwa kusukumwa na mama wa mtoto, kisha akaenda kwa Mtume (s.a.w.) ili ashuhudie. Mtume akamwuliza kama watoto wake wengine nao amewapa mfano wake. Akasema hapana. Mtume akakataa kuwa shahidi, kwa kuwa hashuhudii dhulma.

Nikaisoma tena mara ya pili. Mzazi yule alikuja kutafuta shahidi. Na mzazi wangu wa Fuso naye alikuja kutafuta shahidi! Kwa sababu orodha ya timu ni nini kama si ushahidi? Mwalimu anapobandika majina 18 ubaoni, anaitangazia shule nzima: hawa nimewaona, nimewapima, hawa ndio wanaofaa. Na kwa asiyekuwemo anasema: huyu hafai. Surat An-Nisaa (4:135) inatuamrisha kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa zetu, awe mtu tajiri au maskini. Mimi nilitoa ushahidi wa uongo mara mbili katika karatasi moja. Nilisema uongo kwa faida ya mtoto wa tajiri na nikasema uongo dhidi ya mtoto wa maskini.

Na kama ni ushahidi, toba yake haiishii kwenye istighfari. Wanazuoni wametufundisha kuwa haki ya mja hurejeshwa kwa mwenyewe. Lakini utairejesha vipi mechi iliyokwisha chezwa? Nilichoweza ni kwenda nyumbani kwao. Nilimkuta mama yake akirudi shambani. Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza mbele ya mwanawe kuwa alistahiki kwenda Wasso na kwamba mimi ndiye niliyemfuta, na sababu nikaitaja. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Mwalimu, sisi tulidhani mtoto hajui mpira."

Ndugu msomaji, nilikwenda nikitaraji lawama, na lawama ingekuwa nafuu. Kumbe watu wale waliniamini. Waliisoma karatasi yangu wakaiamini kuliko walivyoyaamini macho yao, na kijana akaacha mpira kwa kuwa mwalimu kasema hafai. Hapo ndipo nilipojua uzito wa kalamu ile.

Tangu hapo nilibadili utaratibu. Mchujo hufanyika hadharani kwa siku iliyotangazwa. Walimu watatu hupima, kila mmoja na karatasi yake, na aliye na mtoto au jamaa kati ya wanaopimwa hukaa kando. Vyeti vya kuzaliwa hukaguliwa. Msaada wa wazazi hupokelewa na shule na kutangazwa kabla majina hayajaandikwa, na mtoaji huambiwa wazi kuwa haununui kitu. Na mtoto aliyeachwa huitwa akaelezwa ajirekebishe wapi, ili asirudi nyumbani na hukumu isiyo na sababu. Mwaka mmoja tulikosa gari kwa utaratibu huu, hatukwenda Wasso. Vijana walilia. Sikulala vizuri, lakini sikuwa na jina la mtu shingoni.

Leo na mimi ni mzazi. Mwanangu ana miaka 10, anapenda mpira kuliko chakula, na nikisema kweli, hana mbio. Wiki chache zilizopita walichagua timu ya darasa lao naye hakuwemo. Alirudi analia, na mwalimu wao wa michezo ni rafiki yangu, namba yake ninayo katika simu. Niliishika simu ile muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikaiweka chini, nikamwambia mwanangu: "Twende nje, lete mpira."

Mzazi mwenzangu, ukimpenda mwanao mwombee uwanja, usimwombee nafasi. Mwalimu mwenzangu, kabla ya kubandika orodha yako, isome kama vile utaisoma Siku ya Hesabu, siku ambayo yule asiyekuwa na mtu wa kuja kumuulizia atakuwa na wa kumuulizia.

Wallahu a'lam.